Kuwaenzi Askari Waliofia Virunga

Wanapotajwa askari waliokufa wakilinda sheria, fikra za wengi huwaendea polisi wa mijini, na ni nadra mtu kumkumbuka askari wa hifadhi, yaani mtumishi anayevaa sare na kubeba bunduki ili kuzuia ujangili, ukataji miti na uvuvi haramu ndani ya ardhi iliyotengwa kisheria kwa ajili ya wanyama na misitu. Hata hivyo, ni hifadhi chache duniani ambako ulinzi wa sheria umegharimu maisha mengi kama Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ilianzishwa mwaka 1925, ikatambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979, na ambako zaidi ya askari 200 wameuawa wakiwa kazini.

Idadi hiyo haielezeki kwa ujangili peke yake. Virunga ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7,800, inapakana na Uganda na Rwanda, na ni makao ya gorila wa milimani, lakini pia imezungukwa na mamilioni ya watu wanaohitaji kuni, samaki na ardhi ya kulima. Jiji la Goma limepikia mkaa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya mkaa huo imetokana na miti ya hifadhi, inayochomwa katika matanuri ya udongo yaliyofichwa msituni, huku makundi yenye silaha yakitoza ushuru kwenye matanuri hayo, kwa wavuvi wa Ziwa Edward na kwa magari yanayopita barabarani. Kwa hiyo askari anayebomoa tanuri moja huwa ameugusa mfuko wa mtu mwenye bunduki, na mtu huyo hasahau.

Tukio la tarehe 24 Aprili 2020 linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba askari hawa hawafi kwa ajili ya wanyama tu. Siku hiyo, karibu na Rumangabo, yaliko makao makuu ya hifadhi, watu wenye silaha waliwaua askari 12, dereva mmoja na raia wanne. Kwa mujibu wa maelezo ya uongozi wa hifadhi, askari hao hawakuwa shabaha ya wavamizi: walikuwa wakirejea kambini walipolikuta gari la raia likishambuliwa, nao wakaingia kuwasaidia watu waliokuwamo. Hawakuwa kwenye msako wa majangili wala ulinzi wa gorila, nao waliacha wake na watoto kwa sababu hawakukubali kuwapita majirani zao waliokuwa wakipigwa risasi. Miaka miwili kabla yake, Mei 2018, askari wa kike mwenye umri wa miaka 25, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa wamejiunga na kikosi hicho, aliuawa akiwalinda watalii waliokuwa wakitekwa nyara.

Duniani, heshima kwa watu wa namna hii ina siku yake maalumu, nayo ni tarehe 31 Julai, Siku ya Askari wa Hifadhi Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2007 chini ya Shirikisho la Kimataifa la Askari wa Hifadhi, ambapo majina ya waliokufa katika kipindi cha mwaka mzima hukusanywa na kutangazwa. Kutangaza jina ni jambo kubwa, hasa pale ambapo kifo cha porini kingeweza kuishia kuwa tarakimu katika ripoti ya usalama, lakini jina peke yake halilipi ada ya shule. Katika familia nyingi za askari mshahara ni mmoja, na unapokatika, mjane hubaki na watoto katika eneo lile lile lenye vita ambamo mumewe aliuawa.

Ndiyo maana jambo la thamani zaidi lililofanywa Virunga ni mfuko uliowekwa kwa ajili ya familia za marehemu, pamoja na karakana ya ushonaji ya Rumangabo, ambamo wajane hukaa kwenye cherehani wakishona mifuko na wanasesere wenye umbo la gorila, kisha bidhaa hizo huuzwa na wao hupata kipato. Humo mjane hukutana na wenzake waliofiwa kama yeye, jambo ambalo hotuba na shada la maua haviwezi kumpa.

Bado kuna heshima nyingine isiyofanyiwa sherehe, nayo ni kupunguza sababu za vifo vyenyewe. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa juhudi za hifadhi, kilikusudiwa kuwapa wananchi nishati na ajira ili utegemezi wa mkaa upungue, na ujira halali uwavute vijana ambao vinginevyo wangeshawishiwa kujiunga na makundi ya porini. Mradi kama huo hauwezi kumaliza vita vyenye mizizi mirefu ya kisiasa, wala usidaiwe hivyo, lakini unalishambulia soko la mkaa linalowalipa wauaji, na askari waliokufa wakibomoa matanuri hayo walikuwa wakiifanya kazi iyo hiyo kwa mikono yao.