Kutoka Masisi Hata Walikale

Msafiri akitoka Goma hupita Sake, kisha hupanda milima ya Masisi. Huko kuna baridi, majani mabichi ya malisho na ng'ombe wengi; jibini yao ni tamu kweli. Mto Lowa hushuka kutoka milima hiyo hata Walikale, nchi ya joto na msitu mkubwa. Msituni humo wamo gorila ambao hawapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. Mwaka 1975 hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipanuliwa, ikafika Walikale, wapate kulindwa. Lakini vita vimewazuia wageni, na mitego ingali msituni. Mwindaji humtegea paa; gorila mdogo akipita hunaswa mkono, na pengine hupoteza vidole.