Ukaidi wa Mtoto na Uhusiano Wake na Mzazi

Mtoto wa miaka mitatu anayepiga wenzake au kugaragara chini akinyimwa pipi huitwa mkaidi, lakini mara nyingi ukaidi huo hukuzwa na mazoea ya nyumbani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, aliueleza mzunguko wake: mama anakataza, mtoto analia, mama anachoka na kumpa, kesho kilio kinaanza mapema zaidi. Fimbo nayo humnyamazisha kwa muda tu. Na fimbo haijaadimika: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania waliohojiwa walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Wengine hulaumu pia kutokuwepo kwa mzazi: kule Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, wazazi wengi huondoka alfajiri kuwahi daladala, mtoto akabaki na bibi, jirani au dada wa kazi. Hilo peke yake si kosa. Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga wa Kiganda karibu na Kampala katika miaka ya 1950, aliona kuwa kusaidiwa kulea hakukumwondolea mtoto utulivu; kilichohusiana nao zaidi ni jinsi mama alivyomjua mwanawe na kuitikia ishara zake.