Toa Upepo Katika Steringi Kabla ya Kupakia Mzigo

Mkulima wa Kola anayepeleka maembe Machakos kwa pikapu anazijua kona za vilima. Gari likiwa na mzigo, usukani mzito ni hatari. Tena mara nyingi uzito huo huja baada ya gari kutoka kwa fundi, mwenyewe akidhani kazi imekwisha.

Sababu yake ni upepo. Pampu ya steringi au mpira wake ukifunguliwa, hewa huingia ndani. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana huweza kusukuma; lakini hewa hubanwa, na nguvu ya pampu hupotea humo. Dalili ni hizi: pampu hunguruma, usukani hushtuka mkononi, na mafuta hufanya povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Wengine wakisikia kelele hiyo hununua pampu nyingine bure.

Anayetumia injini ya dizeli kuvuta maji amezoea kutoa upepo. Kazi hii ni ndugu ya ile. Fanyeni watu wawili, hivi:

1. Simamisha gari mahali pa sawa, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Inua mbele kwa jeki, kisha uegemeze gari juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

2. Jaza kopo la steringi mpaka alamani. Tumia mafuta ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Usitie mafuta ya breki; huharibu mipira ya ndani.

3. Fungua kufuli ya usukani kwa ufunguo, lakini usiwashe injini. Zungusha usukani polepole kutoka mwisho mpaka mwisho, mara 15 hadi 20. Mwenzako aongeze mafuta. Kopo likikauka, upepo utaingia upya.

4. Povu likiisha, washa injini na uzungushe tena. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache, maana mafuta hupata moto na pampu huumia.

5. Povu likirudi, zima injini, ngoja mafuta yatulie kama saa moja, kisha rudia.

Kama upepo unarudi kila mara, tazama mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Hapo pampu huvuta. Klipu ikilegea, hewa huingia hata kama hakuna tone la mafuta linaloonekana nje.

Magari mengine ya siku hizi yana steringi ya umeme isiyo na mafuta. Hayo hayahusiki na maneno haya.

Mwisho, shusha gari, pima mafuta, na ulijaribu likiwa tupu mahali pa tambarare. Dakika kumi uwanjani ni bora kuliko maembe ya msimu mzima kumwagika mtaroni, na dereva pamoja nayo.