Motokari Inayokataa Kuwaka

Vuhovi ni mahali katika nchi ya Wabashu, Teritwari ya Beni, upande wa mashariki wa mji wa Butembo. Ni nchi ya milima. Asubuhi kuna ukungu na baridi, na udongo wake huzaa vizuri. Watu hulima maharagwe, viazi, ndizi, mihogo na kahawa. Mavuno hayo yataka kufika sokoni. Mengine hubebwa mgongoni kwa kamba ya kipajini, mengine kwa pikipiki. Mizigo mikubwa hupakiwa katika kamyo.

Karibu kamyo zote hutumia mazuti, wala si esansi. Kamyo ikikataa kuwaka, hasara si ya mwenye kamyo peke yake. Mboga huoza, na mama aliyetumaini kuuza viazi hukosa fedha ya chumvi na sabuni. Kwa hiyo yafaa kujua moteri ya mazuti hufanyaje kazi, na kwa nini hukataa kuwaka.

1. Moto usio na cheche

Katika moteri ya esansi, bugi hutoa cheche, na cheche hiyo huwasha esansi. Moteri ya mazuti haina cheche. Je, mazuti huwashwa na nini? Huwashwa na hewa yenye joto kali.

Ukijaza upepo katika tairi la baiskeli, gusa pompi yako. Utaona kwamba imepata joto. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika hewa iliyobanwa ndani. Moteri ya mazuti hufanya vivyo hivyo. Pistoni hupanda ndani ya silinda na kuibana hewa mpaka ikae katika nafasi iliyo ndogo mara 15 au 20 kuliko ile ya kwanza. Hewa hiyo hupata joto la digri 500 na zaidi. Hapo mazuti hupulizwa ndani kama ukungu mwembamba, nayo huwaka mara moja.

Aliyevumbua moteri hiyo ni Rudolf Diesel. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, naye alizaliwa Paris mwaka wa 1858. Moteri yake iliyofanya kazi vema ilikamilika mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka wa 1897.

Chombo kinachopuliza mazuti huitwa injekteri. Kila silinda ina injekteri yake. Matundu yake ni madogo sana, hata chembe moja ya mchanga yaweza kuyaziba. Pompi husukuma mazuti kwa nguvu katika tiyo za chuma mpaka injekteri ifunguke. Katika kamyo za zamani, nguvu hiyo ni bari 100 hadi 250. Tairi la motokari ndogo lina bari 2 tu hivi.

2. Shofeli na fundi

Mfano ni huu. Kamyo ya zamani yenye silinda nne imesimama Vuhovi, imejaa magunia ya viazi na mboga. Injekteri zake zilikuwa zikivuja, na moshi mweusi ulikuwa mwingi. Fundi alizifungua, zikapelekwa Butembo, zikasafishwa na kupimwa, kisha zikarudishwa kwa pikipiki. Fundi amekwisha kuzifunga mahali pake. Kesho ni siku ya soko.

Shofeli kijana ageuza ufunguo. Demareri yazungusha moteri, lakini moteri haiwaki. Ageuza tena, na tena. Jasho lamtoka.

“Papa,” amwambia fundi, “injekteri hizi wametuharibia. Tuzifungue, tuzirudishe Butembo!”

“Ngoja, mwanangu,” ajibu fundi. “Acha ufunguo kwanza. Batri ikiisha nguvu, tutakuwa na magonjwa mawili badala ya moja. Je, mganga hutoa dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa? Jana moteri hii iliwaka, ijapokuwa vibaya. Leo haiwaki kabisa. Basi tutazame kwanza vile vilivyoguswa na mikono yetu.”

3. Maswali matatu ya fundi

Swali la kwanza: je, moteri yazunguka upesi? Ikizunguka polepole, hewa haibanwi upesi, joto lake hupotea katika chuma, na mazuti hayawezi kuwaka. Dawa yake ni batri yenye nguvu na nyaya zilizokazwa vema. Katika kamyo hii moteri yazunguka vizuri. Basi kosa halipo hapo.

Swali la pili: je, mazuti yana njia? Fundi atazama tangi: mazuti yamo. Atazama waya mdogo ulio juu ya pompi. Katika moteri nyingi umeme wa waya huo ndio unaofungua mlango wa mazuti. Waya ukisahauliwa baada ya kazi, mlango hubaki umefungwa, na moteri haitawaka hata ukizungusha mpaka jioni. Waya umefungwa vema.

Swali la tatu: moshi ni wa namna gani? Fundi asimama nyuma ya kamyo. “Zungusha kidogo!” Shofeli azungusha. Hakuna moshi hata kidogo.

“Umeona?” asema fundi. “Kama mazuti yangeingia katika silinda bila kuwaka, tungeona moshi mweupe. Hakuna moshi, maana yake mazuti hayafiki. Injekteri hazijapata chakula, nawe wataka kuzishitaki!”

4. Hewa ndani ya tiyo

Kwa nini mazuti hayafiki, na tangi limejaa? Injekteri zilipofunguliwa, tiyo zilibaki wazi, mazuti yakashuka, hewa ikaingia mahali pake. Mazuti hayabaniki upesi. Ukiyasukuma upande mmoja, hutoka upande wa pili. Hewa hubanika. Pompi ikisukuma, hewa hujikunja kama sponji. Pompi ikiacha, hewa hujikunjua. Nguvu haifiki kwenye injekteri, nayo haifunguki.

Basi hewa yapasa kutolewa. Fundi asafisha kwanza kila nati kwa kitambaa, ili mchanga usiingie. Kisha alegeza skrubu iliyo juu ya chujio, na shofeli asukuma pompi ndogo ya mkono. Mazuti yatoka na povu, puf, puf. Waendelea mpaka yatoke safi, pasipo povu. Fundi akaza skrubu.

Sasa alegeza kidogo nati za tiyo zote nne penye injekteri. Shofeli azungusha moteri kwa sekunde kumi tu, kisha aiacha demareri ipoe dakika moja. Mara ya kwanza, hewa tu. Mara ya pili, povu. Mara ya tatu, matone ya mazuti yaruka penye nati zote nne. Fundi azikaza moja moja, apangusa mazuti yaliyomwagika, asema: “Haya, mwanangu, sasa!”

Moteri yakohoa mara mbili, yatoa moshi mweupe kidogo, kisha yanguruma. Shofeli acheka. Injekteri za Butembo zilikuwa nzima.

5. Moshi mweupe ukionekana

Siku nyingine fundi huona moshi mweupe mwingi, wala moteri haiwaki. Hapo mazuti yafika, lakini hayawaki. Sababu ni nyingine.

Labda hewa haina joto la kutosha. Asubuhi katika milima chuma ni baridi sana. Moteri nyingi zina bugi ndogo za kupasha joto, nazo zataka sekunde chache kabla ya kugeuza ufunguo mpaka mwisho.

Labda hewa yatoroka. Chini ya kila injekteri mna rondeli ya shaba. Rondeli ya zamani ikisahauliwa ndani na mpya ikawekwa juu yake, au isipowekwa yoyote, injekteri haikai vema. Hewa hupenya pembeni, na joto hupotea.

Labda tiyo mbili zimebadilishwa mahali. Katika moteri nyingi za silinda nne, silinda huwaka kwa zamu hii: 1, 3, 4, 2. Mazuti yakipelekwa kwa silinda isiyo na zamu, ni kazi bure. Tena, kama pompi yenyewe iliondolewa, saa ya kupuliza yaweza kuwa imeharibika.

Mambo hayo yote yakiwa sawa, ndipo injekteri hufunguliwa tena na kupimwa kwa mashini. Injekteri njema hutoa ukungu. Injekteri mbaya hutoa matone.

6. Hatari ya motokari mpya

Tangu miaka ya 1990 zimetokea motokari ambazo mazuti yake husukumwa kwa bari 1,000, hata 2,000. Katika hizo usilegeze kamwe tiyo za injekteri huku moteri ikizunguka. Uzi mwembamba wa mazuti hutoboa ngozi na kuingia ndani ya mwili. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini chaweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu. Tena katika nyingi za hizo kila injekteri ina namba yake, nayo yapasa kuandikwa katika kompyuta ya motokari. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vyombo vyake.

Haraka haraka haina baraka. Shofeli alitaka kupoteza siku nzima na fedha nyingi, tena kuwashitaki watu wasio na kosa. Fundi aliuliza maswali matatu, akalegeza nati chache, na kamyo ikafika Butembo kabla ya soko kufunguliwa.

Maswali

1. Mazuti huwashwa na nini katika silinda?
2. Kwa nini fundi alimkataza shofeli kugeuza ufunguo tena na tena?
3. Moteri yazunguka vizuri bila moshi wowote. Hiyo yaonyesha nini?
4. Eleza tofauti ya hewa na mazuti vikibanwa.
5. Kwa nini ni hatari kulegeza tiyo za injekteri katika motokari mpya?