Kumpima Samaki Bila Kumwua

Ndugu wafanyakazi, mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Victoria, kwa kuwa wavuvi wengine walivua kwa sumu. Viwanda vya samaki vya Uganda vikapunguza watu, wenzetu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Basi kupima samaki ni jambo letu pia.

Jinja pana kituo cha uchunguzi wa samaki tangu mwaka 1947. Zamani, kujua sangara (huku twamwita mputa) amekula nini, ilibidi apasuliwe. Na tumbo husema mlo wa siku ile tu, tena mara nyingi ni tupu! Siku hizi wataalamu waweza kukata kipande kidogo cha pezi kwa mkasi na kumrudisha samaki majini, mradi asikawie nje. Pezi huota tena. Ndani ya kipande hicho mna naitrojeni nyepesi na nzito. Samaki akila samaki wenzake, ile nzito huzidi. Akila majani ya maji, huwa kidogo. Hivyo hujulikana chakula chake cha majuma na miezi iliyopita.

Kutafuta zebaki, huchomwa sindano nene mgongoni, ikatoka nyama kidogo. Ugonjwa wa ini ni shida zaidi: kwa kawaida samaki lazima afe.

Maji machafu ya Kampala, ya viwandani pia, hupita mfereji wa Nakivubo hadi ziwani. Na zebaki hujikusanya mwilini kadiri samaki anavyokua, kwa hiyo sangara mkubwa huwa nayo zaidi kuliko mdogo.