Leopards ya 2024: Kazi ya wale wawili wa katikati

Ku CAN ya Côte d'Ivoire, mwaka 2024, Leopards yetu ilicheza mechi ine za kwanza bila kushinda hata moja mu dakika 90. 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania, kisha 1-1 na Misri. Na bado walifika ku nusu fainali. Wengine wanasema ilikuwa bahati. Lakini ukiangalia namna kocha Sébastien Desabre alipanga watu wake, utaona kama kulikuwa mpango.

Alipanga 4-2-3-1. Nyuma Gédéon Kalulu kuume, Arthur Masuaku kushoto, katikati yao kapiteni Chancel Mbemba na Henock Inonga, yule aliyekuwa anacheza Simba ya Dar es Salaam. Mbele kabisa Cédric Bakambu peke yake. Nyuma yake watatu: Yoane Wissa kushoto, Gaël Kakuta mu namba kumi, na kuume Meschack Elia, mutoto aliyepita TP Mazembe, ao Théo Bongonda.

Sasa tuongee wale wawili waliobaki, Samuel Moutoussamy na Charles Pickel. Hao ni namba sita wawili. Hawaonekane sana ku televizyo. Kazi yao ni kufunga mulango ulio mbele ya Mbemba na Inonga. Masuaku akipanda na mupira, mumoja anateleza upande wake kufunika pengo. Kalulu akipanda, ni vile vile upande wa pili. Bila wao, Masuaku hangekuwa na ruhusa ya kupanda, na Wissa angebaki peke yake kule kushoto.

Angalia magoli waliyofungwa. Mechi saba, magoli tano tu. La Zambia lilitoka ku kosa la mulinda lango Lionel Mpasi aliyekuwa mbali na goli lake. La Moroko lilitoka ku kona. La Misri na la Ginea zilikuwa penalti. La Sébastien Haller, mu nusu fainali, lilitoka ku krosi ya pembeni. Hakuna timu iliyopita katikati kwa pasi-pasi mpaka kufunga. Hapo ndipo kazi ya Moutoussamy na Pickel inaonekana.

Ku Misri, tarehe 28 Januari, mpango ulikuwa wazi: kusubiri, kunyang'anya, kisha kupeleka mupira mbio kwa Wissa. Krosi yake ilimukuta Elia, kichwa, goli. Misri walirudisha kwa penalti, wakamaliza na watu kumi, na mambo yakafika ku matobo. Mpasi mwenyewe ndiye aliyefunga la mwisho, 8-7.

Ginea walitangulia kufunga, na hapo ndipo tuliona faida ya mabeki warefu na mupira uliosimama: Mbemba alisawazisha kisha kona, Wissa akaweka penalti, Masuaku akamaliza na mupira wa adhabu. 3-1. Magoli tatu, na hakuna hata moja iliyotoka ku mchezo wa kupasiana.

Na ni hapo ugonjwa wa timu ulikuwa umejificha. Pickel na Moutoussamy ni wazuri sana kuvunja, lakini kufungua adui aliyejifunga nyuma si kazi yao. Haller alipofunga mu dakika ya 65, Côte d'Ivoire walirudi nyuma, na Kongo ilihitaji mutu wa kutoa pasi ya kupasua kutoka chini. Hakukuwa. Mipira mirefu ilimufikia Bakambu akiwa kati ya mabeki wawili. Siku tatu kisha, na Afrika ya Kusini, ikawa 0-0, wakapoteza ku penalti 6-5. Mechi mbili za mwisho, hakuna goli.

Ku viwanja vya Buluo, kila kijana anataka kuwa Bakambu ao Wissa. Makocha wa mitaa wanaochagua namba sita wanaweka mara nyingi yule aliyebaki bila nafasi. Kwa maoni yangu, wangeanza na yeye: kijana anayeangalia nyuma mbele ya kukimbia, na anayejua pia kutoa pasi ya kwanza.