Gari la Marehemu Baba na Kutu Iliyojificha

Kwa miaka 6 gari la marehemu baba lilikaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu, Malindi. Kuku walitagia nyuma ya kiti, na watoto wa jirani walilifanya jahazi lao. Ni Toyota Land Cruiser FJ45, pikapu ya mwaka 1978, yenye injini ya petroli ya silinda 6. Gari za jamii hii ya 40 zilitengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, na huku kwetu zilisifika kwa kupita pale ambapo gari nyingine hukwama, mchangani na matopeni.

Baba alikuwa akichukua samaki Ngomeni na kuwaleta Malindi. Njia hiyo hupita Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, na maji ya barafu yaliyochanganyika na maji ya bahari yalichuruzika kutoka masandukuni yakaingia katika kila ufa wa bodi. Tulipokutana sisi warithi, mama na ndugu wanne, ili tuamue gari lifanywe nini, kutu ilikuwa imekwisha fanya yake.

Mnunuzi alikuwapo, naye alitaka gari lenye sura nzuri. Ndugu yetu mmoja akashauri lipigwe puti, lipakwe rangi, liuzwe, na kila mmoja achukue fungu lake. Hakuwa na nia mbaya. Ana watoto wanaosoma. Mama, ambaye thumni yake ilikuwamo katika gari hilo, aliuliza swali moja: "Na huyo atakayelipanda na wanawe, mtamwambia nini?" Hatukuwa na jibu. Tukakubaliana lipimwe kwanza.

Fundi tuliyemwita ni mzee aliyeitumikia kazi ya bodi tangu ujana wake. Hakuitazama rangi. Alichukua nyundo ndogo, akagonga taratibu kutoka mbele hadi nyuma, sikio karibu na bati. Bati zima hulia. Bati lililoliwa hutoa sauti nzito, kama kadibodi iliyolowa. Boneti na madigadi ya mbele yalilia. Vizingiti vya milango havikulia, wala pembe za nyuma za kebini, wala sakafu. Akachukua tindo, akaisukuma kwa mkono kwenye kizingiti cha kushoto, nayo ikazama.

"Wanangu," akasema, "hapa rangi ndiyo iliyoshika gari."

Akatueleza kwamba kutu haianzii pale inapoonekana. Chuma, maji na hewa vikikutana, chuma huliwa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi huvimba mithili ya malengelenge. Lengelenge likijitokeza nje, mara nyingi upande wa ndani huwa umekwisha zamani. Puti ikipakwa juu yake hunyonya unyevu na kuuweka, ikawa inaificha kutu na kuilisha kwa wakati mmoja.

Tulipoinua zulia la mpira upande wa abiria, tulikuta kipande cha debe la mafuta ya kupikia, kimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa riveti, maandishi yake yakisomeka bado. Hapo ndipo tulipokuwa tukiweka miguu utotoni tukipelekwa madrasa. Tukaanza kumlaumu fundi tusiyemjua. Mama akainama, akakitazama kwa muda, kisha akasema: "Hilo alilitia baba yenu mwenyewe. Mwaka ule dada zenu wawili waliingia sekondari. Pesa za sakafu alikuwa nazo, akazipeleka kwenye karo." Akatuambia kwamba tangu siku hiyo baba hakumruhusu mtu mzima kukaa upande ule, na kila Ijumaa aliinua zulia akakikagua.

Basi kiraka kile baba alikijua, na alikichunga. Mnunuzi wetu asingekijua. Dini yetu imemkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa yake, na sisi tulikuwa tunakaribia kulipa deni la nyumba moja kwa miguu ya watoto wa nyumba nyingine.

Tulimwita mnunuzi, tukamwonyesha kila tundu. Bei aliyoitaja awali aliipunguza kwa zaidi ya nusu. Bei hiyo ya chini ndiyo tuliyoifanya msingi: sisi tuliotaka kulihifadhi gari tukamlipa ndugu yetu fungu lake kwa hesabu hiyo. Hakufurahi siku ile, na hatukumlaumu.

Ndipo kazi ikaanza. Fundi alikagua kwanza chesisi, kwa kuwa huo ndio uti wa mgongo. Ikiwa imeoza, bodi mpya ni pesa iliyotupwa baharini. Yetu ilikuwa nzima, ila sehemu moja ya nyuma iliyohitaji kuimarishwa.

Vipande vya bodi hupatikana kwa njia tatu. Vipo vipya, kwa kuwa gari hizi zina wapenzi wengi duniani na wapo wanaovitengeneza hadi leo. Hata Toyota yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba itatengeneza upya baadhi ya vipuri vya jamii ya 40. Vipo vinavyokatwa kutoka gari lililokufa, ambavyo lazima vigongwe kwa nyundo vilevile, usije ukanunua kutu ya mwenzio. Na vipo vinavyokunjwa na mafundi wa jua kali kutoka bati jipya, navyo hufaa mahali palipo bapa. Sisi tuliagiza vizingiti vipya, pembe za kebini tukazipata kwenye gari lililozeeka bara, mbali na bahari, na sakafu ikakatwa papa hapa Malindi.

Betri na tangi la petroli viliondolewa kabla ya cheche ya kwanza, na watoto wakakatazwa kuutazama mwanga wa kuchomelea. Fundi alipima uwazi wa milango kutoka pembe hadi pembe, akachomelea vyuma vya muda kuushikilia, kwani ukikata kizingiti bila egemeo, bodi huketi na mlango haufungi tena. Alikata kipande kimoja, akaweka kingine, ndipo akaendea cha pili. Kila mara alikata hadi alipofikia bati safi. Milango ilijaribiwa mahali pake kabla ya kuchomelewa kabisa. Alichomelea kwa vituo vifupi vilivyoachana, bati lipoe, lisipinde kwa moto.

Baadaye maungio yote yalizibwa, yakapakwa rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, na mashimo ya kutolea maji yakaachwa wazi. Ndani ya vizingiti, mahali mkono usipofika, ilipuliziwa nta. Puti ilitumika pia, utando mwembamba juu ya bati zima, kulainisha tu. Rangi tuliirudisha ileile ya kijani iliyoandikwa kwenye logbook, kwa sababu ukibadilisha rangi ya gari yakupasa kubadilisha pia kumbukumbu zake NTSA.

Wenye gari la zamani nyumbani wasingoje mpaka wafikie tulipofika sisi. Gari lioshwe kwa maji matamu, hasa chini, kila litokapo ufukweni. Zulia liinuliwe na kuanikwa. Mashimo ya maji yazibuliwe kwa kijiti. Lengelenge dogo likwanguliwe lingali dogo.

Gari lilinguruma tena baada ya miezi 7. Ndugu yetu alikuja siku hiyo bila kuitwa. Hakusema neno, alifungua mlango wa abiria, akainua zulia, akakanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili. Kisha akamshika mama mkono, akampandisha upande ule ambao baba hakuuruhusu, na sisi tukapanda nyuma.

Kile kipande cha debe mama amekiweka stoo, wala hataki kitupwe. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, awarehemu na wazazi wenu waliotangulia. Amin.